Rara Sarama

Tulikuwa bado tunakula makande kwenye msiba wa Petro Margwe, kule Rhotia, nilipomsikia Eliamani akiisimulia tena ile hadithi yangu. Mimi nilikuwa nimeketi na akina mama wa jumuiya upande wa jikoni. Yeye alikuwa chini ya turubai na wazee wenzake, sahani magotini, na sauti yake haikuwa imepungua hata kidogo tangu enzi zile alipokuwa ofisa utumishi wetu kule juu, kwenye loji ya ukingo wa kreta. "Huyu mama mnayemwona," alisema, akininyooshea kijiko, "alitaka kuwa mpokea wageni! Meneja alicheka mpaka chai ikamwagika. Ee bwana, tulikuwa kama familia moja pale." Kisha akayaiga yale maneno mawili niliyoyatamka vibaya siku ya usaili, na wazee wakacheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka msibani, mdomo nusu umefumbwa. Mmoja akanigeukia: "Ni kweli, Mama Katekista?" Nikamjibu kwamba ni kweli. Uongo ulikuwa kwenye hiyo familia, lakini chakula cha msiba si mahali pa kusahihishana.

Mungu amenipa subira, nami namshukuru kwa hiyo kila asubuhi kwa sababu najua sikuzaliwa nayo. Watu wote wa mwaka ule nimewasamehe, mmoja mmoja, kwa majina yao, mbele ya altare. Lakini msamaha haumpofushi mtu. Nikimtazama Eliamani leo, na fimbo yake ya mpingo na koti lake la misa, ninamwona yuleyule niliyemwona nikiwa msichana: mtu mdogo aliyepewa kiti kirefu, miguu haifiki chini. Paroko wangu anasema hiyo ni dharau na dharau ni dhambi. Mimi humwambia kwamba ni kumbukumbu tu, ila ina macho mazuri.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata vita vya Uganda, sukari ilipokuwa ya kupanga foleni na kipande cha sabuni kikawa zawadi ya kumpelekea mtu harusini. Masista walikuwa wamenileta Karatu kutoka makazi ya wakimbizi kule magharibi. Habari za kwetu Burundi na jinsi tulivyotoka nimemwambia Mungu, na hapa sizirudii. Sista mmoja aliyenipenda alinitafutia kazi ya udobi kwenye loji. Nikapanda lori la mbogamboga na mfuko wangu mmoja, tukaingia msituni, ukungu ukatumeza, na tulipotoka upande wa pili nilikuwa nimeshaanza kutetemeka. Sikuacha kutetemeka mwaka mzima. Wageni walikuwa wakisimama barazani na vikombe vyao, wanatazama chini shimoni, wanasema huku ni peponi. Sisi tuliofua mashuka yao tulijua kwamba pepo hiyo maji yake yanakata vidole.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma, kati ya jiko na ofisi. Upande wa jiko kulikuwa na mlango ambao haukufungika vizuri, na hilo lilikuwa jambo jema, maana joto lilipenya. Upande wa ofisi ulikuwa ukuta wa mbao tu, na maneno yalipenya. Mashuka hayakukauka. Tuliyaanika asubuhi yakiwa yamelowa, tukayaanua jioni yakiwa yamelowa, kisha tukayamalizia kwa pasi za mkaa mpaka chumba kikajaa mvuke na kikohozi. Niliposimama hapo, kupitia kidirisha, niliona kipande cha ukumbi wa mapokezi: meko ya mawe yenye moto wa kuni, meza ya mninga iliyong'arishwa, na nyuma yake kiti. Kiti hicho kilikuwa wazi. Aliyekuwa akikikalia alikuwa ameolewa na kuhamia Mwanza, na ilisemekana atakayechukua nafasi yake atapelekwa kwanza Dar es Salaam kusomea kazi ya hoteli.

Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Moto wa kuni niliutaka, sikatai. Masomo niliyataka pia, maana masista walikuwa wamenifundisha vya kutosha kunionjesha utamu wake. Ila kilichonivuta zaidi ni kwamba anayeketi pale ndiye anayewaambia wengine "karibu". Tangu nivuke mpaka nilikuwa mtu wa kungoja kukaribishwa, na mara nyingi nilingoja mpaka jua likazama. Nilitaka siku moja niwe mimi ndiye mwenye mlango.

Zilikuwa siku za "ndugu". Dereva alikuwa ndugu, mpishi ndugu, hata meneja, Mzungu mmoja aliyeitwa Rolf ambaye sikuwahi kumwona akimpa mtu mweusi mkono, kwenye mkutano wa Jumatatu aliitwa Ndugu Meneja. Eliamani ndiye aliyeongoza mikutano hiyo. Alisimama, akainua ngumi, akalaani ubaguzi wa makaburu kule Afrika Kusini, akatuchangisha kwa ajili ya wapigania uhuru, na sisi tukatoa. Kisha tukaenda kula. Waajiriwa wa kudumu walikula kwanza, vibarua wakafuata, na mkimbizi akala vibarua wakishainuka. Mkimbizi alikuwa mimi peke yangu. Nilipofika, sufuria ilikuwa na ukoko na harufu ya maharage. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo na hakuna aliyeniambia. Siku ya kwanza nilipokaribia mapema, mhudumu mmoja aliniuliza tu, "We mkimbizi, unakimbilia wapi?" na watu wakafurahi sana.

Petro Margwe alikuwa mpishi mkuu. Alikuwa Mwiraqw wa Rhotia, mtu mpana, mwenye hasira za karibu na rozari mfukoni. Baada ya kuona mambo ya sufuria mara kadhaa, alianza kunitengea bakuli chini ya ubao wa kukatia nyama, amelifunika sahani. "Njoo ule, Reo," alikuwa akiniita kupitia ule mlango usiofungika, "kabla ujamaa haujaisha." Reo ndilo jina nililojitambulisha nalo. Nilibatizwa Leokadia, lakini kwenye Kirundi chetu herufi ya kwanza ya jina hilo haina nyumba. Ulimi unaitafuta, hauioni, unakwenda kwa jirani yake. Kwa hiyo nilikuwa Reokadia, nirikura chakura, na nilipochoka nirirara. Sikusikia tofauti yoyote. Mtu hasikii herufi ambayo mama yake hakuwahi kumwimbia.

Usaili ulifanyika ofisini, asubuhi yenye ukungu, mimi nikiwa nimevaa sketi ya kuazima. Meneja aliketi na kikombe chake cha chai, Eliamani kando yake na kalamu. "Jina?" akauliza Eliamani, ingawa alikuwa ameniita jina langu mara elfu akidai mashuka. "Reokadia." Akamtazama meneja, meneja akatabasamu, na nikajua mchezo umeanza. Waliniuliza mambo mawili matatu kuhusu funguo na vyumba, nikajibu. Kisha Eliamani akasema nijifanye niko mapokezini, jioni, wageni wanaingia: niwakaribishe, niwaambie chakula kiko tayari, na mwisho niwaage wakalale. Nilisimama wima. Nilikuwa nimefanya mazoezi na mashuka. "Karibuni sana," nikasema. "Chakura kiko tayari." Nikaona mabega ya Eliamani yanaanza kucheza. Nikaendelea, kwa sababu sikujua kosa liko wapi. "Rara sarama."

Walicheka. Meneja ndiye aliyecheka zaidi, chai ikammwagikia suruali, na nina hakika mpaka leo kwamba hakujua kinachochekesha ni nini. Alicheka kwa sababu ofisa wake amecheka. Sasa, ni lazima nieleze jambo moja kuhusu ofisa huyo. Alitoka Upareni, na watu wa kule ulimi wao una mapatano yake na herufi ya sabuni. Akiwa ametulia alisema "sabuni" kama sisi sote. Akichangamka, ikawa "thabuni". Na asubuhi ile alikuwa amechangamka mno. "Dada," aliniambia, akifuta machozi, "thikiliza. Thema hivi: lala thalama. Thalama!" Naye meneja, aliyekuwa amekaa nchi hii miaka na bado alizungumza kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, akatikisa kichwa kwa hekima: "Rahisi sana. Lela selema." Wakatazamana, wakaridhika kwamba wamesema kitu kimoja. Kisha Eliamani akafunga kalamu yake. "Mgeni alipe fedha za kigeni, atoke Ulaya, aje aambiwe 'rara'? Haiwezekani, Leokadia. Rudi kwenye kazi yako."

Kuna habari katika Maandiko ya watu waliosimama kwenye vivuko vya mto, wakimtaka kila apitaye atamke neno moja, na aliyekosea herufi aliuawa palepale. Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza kanisani, wenzangu waliiona ya kale na ya mbali. Mimi nilikotoka haikuwa ya kale wala ya mbali. Kwa hiyo nashukuru. Loji haikuniua, ilinirudisha kwenye mashuka tu. Lakini wenye vivuko wa zamani, pamoja na ukatili wao, angalau wao wenyewe waliweza kulitamka hilo neno.

Jioni hiyo nilipoingia kuchukua bakuli langu, jiko zima lilikuwa limeshapata habari. Petro alifuta mikono kwenye aproni, akanitazama, akasema kwa sauti, "Rara sarama, Reo!" Niliweka bakuli chini, nikageuka niondoke. "Simama," akasema. "Sikucheki. Hebu niambie, kwenu kulala mnasemaje?" Nikamwambia: kurara. Mama yangu alikuwa akituambia hivyo kila usiku. Petro akawageukia vijana wake. "Mmesikia? Kumbe 'rara' ni sawa kabisa. Amekosea 'sarama' peke yake, na hiyo tutamsamehe, maana huyu amekosa nusu, na wale kule ofisini wamekosa yote." Waliangua kicheko, na hicho kilikuwa cha aina nyingine, nikajikuta nimo ndani yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyetoka jikoni bila kusema "rara sarama". Wahudumu wa mezani wakalichukua, mlinzi wa geti akalichukua, madereva waliolala pale wakalibeba mpaka Karatu. Likawa neno letu sisi wa nyuma.

Mapokezini, wakati huo, alikuwa ameketi Gerda, binti wa meneja. Alikuja kumtembelea baba yake likizo, na nilimsikia baba yake kupitia ule ukuta wa mbao akimweleza Eliamani mpango huo. "Mageni natoka mbali," alisema, kwa Kiswahili chake. "Nachoka. Nataka ona kwanza sura kama yake. Afrika, kesho. Pamoja na wanyama." Nilikuwa na pasi mkononi. Nilingoja mwenye ngumi za Jumatatu aseme kitu. "Naam, Bwana Meneja," akasema. "Thawa kabitha." Alisahau hata kumwita ndugu. Ilikuwa iwe kwa muda tu, na huo muda ukala mwaka wote. Sina neno na Gerda. Hakuwa mwovu, na kutojua kwake kulipendeza kama kwa ndama. Alijua "jambo" na "asante", na alitaka kujifunza zaidi, kwa hiyo alitega sikio akiwasikiliza wahudumu.

Ndipo akaja mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam, na msafara wake. Sitamtaja cheo. Tulifua mapazia. Jioni, baada ya chakula, nilikuwa nimesimama chini ya ngazi na taulo za vyumba vyao mikononi, nikingoja wapite. Petro alikuwa amechungulia mlangoni mwa jiko kuona kama sahani zimerudi tupu. Mkubwa akafika mezani kuchukua ufunguo. Gerda akampa kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, akatabasamu na meno yote, akasema kwa sauti safi iliyofika mpaka kwenye meko: "Rara sarama, ndugu!"

Nikamwonea huruma, Mungu anajua, maana nilikijua kinachofuata. Lakini sicho kilichofuata. Yule mkubwa alirudi hatua nyuma, akafungua mikono. "Mnasikia? Mnasikia Kiswahili hicho? Huyu binti ni mwenzetu! Wazungu wote wangejifunza namna hii, dunia ingekuwa imekwisha badilika!" Akapiga makofi, na msafara wake ukapiga makofi. Meneja akajaa fahari: "Mtoto yangu nasoma haraka!" Na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote, mikono imeinuliwa juu ya kichwa ili aonekane, alikuwa Eliamani. Macho yetu yakakutana juu ya zile taulo. Hakuacha kupiga. Mlangoni mwa jiko, Petro alikuwa ameuma aproni yake.

Asubuhi nilikwenda ofisini bila kuitwa. "Ndugu Eliamani," nikasema, "jana binti amesema 'rara sarama'." Alikuwa ametulia, kwa hiyo alitamka vizuri. "Nilisikia." "Na ulipiga makofi." Akahamisha karatasi kutoka kushoto kwenda kulia. "Yule ni mgeni, Leokadia." "Na mimi?" Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji ni maji. "Wewe ni mkimbizi."

Nimekifundisha Kiswahili, nimeomba na kusali kwacho, na kwa kuwa nilikipata ukubwani nimekipenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga mwenyewe. Katika lugha hii anayekuja kula kwako na asiyejulikana kwako wana jina moja: mgeni. Naona hiyo ni rehema, na sidhani ilitokea kwa bahati. Wahenga waliiweka ili mwenye nyumba, akimwona mtu mlangoni, asipate neno la kumfukuzia. Eliamani, aliyezaliwa humo, alilipasua neno hilo mbele yangu vipande viwili, akampa binti wa meneja kipande kilichonona. Hakuona kwamba amepasua kitu. Watu wa namna yake hawaoni. Wao huvunja vyombo vya ukoo na kulalamika kwamba nyumba ina kelele.

Siku hiyo hiyo nilimsimulia Yeyo Naramat, mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa jikoni kwenye vibuyu. Boma lake lilikuwa nyuma ya kilima, ingawa alizaliwa chini, ndani ya kreta, na walikuwa wameondolewa huko miaka michache nyuma ili wageni waone wanyama vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni. "Wewe naulizwa natoka wapi," akasema. "Mimi naulizwa nakwenda wapi. Na ng'ombe yangu najua ile njia kuliko askari." Akacheka, akanijazia kikombe. "Kunywa. Maziwa haiulizi mtu."

Kiti sikukipata. Gerda aliporudi kwao, kiti alipewa mpwa wa mtu fulani. Kabla ya masika niliomba ruhusa, nikashuka Karatu kwa masista, na huko nikasomea ukatekista. Watu wakisikia habari hii hupenda kuniambia kwamba Mungu alinifungia mlango mmoja ili anifungulie ulio bora. Sisemi hivyo. Maneno hayo huwapa usingizi wale walioufunga mlango. Mungu hakuufunga, niliwaona waliofanya kazi hiyo, na mmoja wao alikuwa na chai kwenye suruali. Mungu alinipa njia nyingine, nami nimeipita kwa shukrani mpaka mvi hizi. Lakini ningekuwa mpokea wageni mzuri sana.

Baada ya makande tulikwenda kaburini. Baba Paroko alipomaliza ya kwake, aliniomba niseme neno kwa niaba ya waliofanya kazi na marehemu. Walikuwa wamebaki wachache, wazee wa jikoni na mezani, wamesimama pamoja upande mmoja wa shimo. Eliamani alikuwa ameshika fimbo yake upande wa pili. Herufi ile iliyokosa nyumba niliipatia makao zamani, kwa mazoezi ya miaka, ulimi ukigusa nyuma ya meno: lala, lulu, lori, Leokadia. Naitamka vizuri kuliko waliozaliwa nayo. Nilimwombea Petro pumziko, nikamshukuru Mungu kwa bakuli lililofunikwa sahani, na kisha nikamuaga ndugu yangu kwa sauti ya kusikika: "Rara sarama, Petro."

Wale wazee wakaitikia mara moja, pamoja, kama tulivyokuwa tukiitikiana tukizima taa za jiko: "Rara sarama." Waombolezaji wengine, wasiojua, wakadhani ni desturi, nao wakaitikia. Eliamani alitazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata. Akavua kofia, akainama, akachota udongo, na nilimsikia vizuri alipolisema neno lile.

"Rara tharama," akasema.

Watu wa Rhotia wana adabu. Hakuna aliyecheka.